Maji yaliyo kilomita 17 juu ya Kayole

Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, watafiti waliweka vipimajoto katika mitaa ya Mathare, Mukuru na Kibera, kisha wakalinganisha walichopata na vipimo vya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kule Dagoretti Corner. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalithibitisha jambo ambalo mkazi wa Eastlands analijua kwa ngozi yake: katikati ya mabati ya Mathare na Mukuru kuna joto zaidi, kwa nyuzi kadhaa, kuliko kwenye nyasi za Dagoretti. Kituo hicho kiko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari na kimezungukwa na miti. Embakasi iko chini yake kwa zaidi ya mita 150, na huko ni tambarare, zege na mabati. Kipimo cha upande mmoja wa jiji hakiwezi kusema kwa niaba ya upande wa pili.

Sasa achana na ardhi, upande juu. Kilomita moja juu ya mapaa, tofauti ya Mukuru na Dagoretti inaanza kufifia. Kwenye kilomita tano imekwisha. Kwenye kilomita 17, hewa iliyo juu ya Kayole, Dandora na Karen ni moja: baridi yake ni nyuzi 80 hivi chini ya sifuri, kanieneo yake ni takriban sehemu moja kwa kumi ya ile ya ufuoni Mombasa, na ukavu wake unashinda wa jangwa lolote duniani. Hapa chini, siku ya mvua ya Aprili, kati ya kila molekuli milioni moja za hewa tunayovuta, elfu 20 hivi ni za maji. Kule juu ni nne hivi.

Hizo nne ndizo ninazotaka kuzizungumzia. Zinapimwaje? Na kwa nini vifaa viwili, vilivyotengenezwa na watu werevu wenye nia njema, vikitumwa kuzihesabu vinarudi na majibu mawili?

Mtu wa Eastlands ana haki ya kuuliza kwanza zinamhusu nini. Mvuke wa maji ndio gesi inayozuia joto la dunia kutoroka kuliko gesi nyingine yoyote ya angani, na nguvu yake hutegemea mahali ulipo. Mvuke ulio juu kabisa, penye baridi, hufanya kazi kubwa isiyolingana na uchache wake. Mwaka 2010 Susan Solomon na wenzake walionyesha kwamba maji ya stratosfia, lile tabaka linaloanza pale juu, yalipungua kwa asilimia 10 hivi baada ya mwaka 2000, na kwamba upungufu huo ulipunguza kasi ya ongezeko la joto duniani kwa takriban robo katika mwongo uliofuata. Molekuli nne zilikuwa zimepungua kidogo tu, na joto la sayari nzima likabadilika mwendo. Anayelala chini ya bati Mukuru usiku wa Februari ana hisa katika hesabu hiyo.

Tena sisi wa hapa tuna hisa ya pekee, kwa sababu maji hayo huingia stratosfia kupitia huku kwetu.

Habari hiyo ina mizizi Afrika Mashariki. Mwaka 1908 Arthur Berson na Hermann Elias, wanasayansi kutoka kituo cha kupima anga cha Lindenberg karibu na Berlin, walikuja na maputo na vishada hadi Ziwa Victoria na pwani ya Dar es Salaam. Berson hakuwa mtu wa kukaa ofisini: mwaka 1901 yeye na Reinhard Süring walipanda kwa puto la wazi hadi zaidi ya mita 10,000, wakazimia njiani, na wakashuka wakiwa hai. Katika safari ya Afrika hawakupanda wenyewe. Walirusha vipimo juu ya ziwa, na vipimo vikarudi na jambo ambalo halikutarajiwa: anga iliyo juu ya ikweta, penye jua la utosi, ilikuwa na baridi ya kupita nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kali kuliko ile iliyopimwa juu ya Ulaya. Walikuta pia upepo wa magharibi mahali ambapo kila mmoja alidhani upepo huvuma kutoka mashariki tu, na kwa miaka mingi upepo huo ukaitwa kwa jina la Berson.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza lilikuwa na shida ya aina nyingine. Ndege zake zilipopaa juu sana ziliacha michirizi myeupe iliyomwonyesha adui zilipo. Ili kujua michirizi hiyo hutokea lini, ilibidi mtu apime unyevu wa juu. Alan Brewer, akifanya kazi na Gordon Dobson wa Oxford, alitengeneza kifaa cha kupima kwa jalidi, akaruka nacho juu ya kusini mwa Uingereza. Alichokuta kilimsumbua. Hewa ya stratosfia juu ya Uingereza ilikuwa kavu kana kwamba imepitia baridi ya nyuzi 80 na kitu chini ya sifuri, lakini hapakuwa na mahali popote juu ya Uingereza penye baridi kiasi hicho. Basi hewa hiyo ilikuwa imeachia maji yake wapi?

Mwaka 1949 Brewer alitoa jibu lake. Mahali pekee penye baridi ya kutosha kuikausha hewa hivyo ni juu ya nchi za joto. Kwa hiyo hewa yote ya stratosfia lazima iwe inapanda kupitia ukanda wa ikweta, inaganda maji yake mpakani, kisha inasambaa kuelekea ncha za dunia. Mtu aliyepima kwao aligundua mlango ulio kwetu, na kipimo cha baridi ya mlango huo kilikuwa kimechukuliwa juu ya Ziwa Victoria mwaka 1908. Mzunguko huo wa hewa leo unaitwa kwa majina ya Brewer na Dobson. Nairobi, iliyo kwenye nyuzi 1.3 kusini mwa ikweta, iko chini ya mlango huo.

Chombo kinachopanda kwenda huko kila siku ni radiosondi. Dagoretti Corner hujaza puto, hulifungia kisanduku kidogo chenye vihisi na redio, na huliachilia. Kanuni ya dunia ni kwamba vipimo vya vituo vyote vilingane na saa sita mchana na saa sita usiku za Greenwich, yaani saa tisa alasiri na saa tisa usiku zetu, ingawa vituo vingi vya Afrika havimudu mara mbili. Puto hupanda mita tano hivi kila sekunde, hutanuka kadiri hewa inavyopungua, na hupasuka likifika kilomita 30 au zaidi. Kisanduku huanguka, mara nyingi upande wa magharibi kwa sababu upepo mwingi wa juu yetu hutoka mashariki. Ndiyo maana watoto wa Eastlands hawaokoti sana visanduku hivyo.

Tangu 1996 Dagoretti ina mzigo wa ziada. Kwa ushirikiano na taasisi ya hali ya hewa ya Uswisi, MeteoSwiss, mara moja kwa wiki puto hubeba pia kifaa cha kupima ozoni. Tangu 1998 vipimo hivyo viko katika mtandao wa SHADOZ ulioanzishwa na Anne Thompson wa NASA kwa ajili ya nchi za joto na kusini mwa dunia. Malindi, kwenye kituo cha Waitaliano cha San Marco, nayo iliwahi kuwa katika mtandao huo kabla ya kusimama. Nairobi haikusimama. Rekodi ya ozoni iliyokaa zaidi ya robo karne juu ya ikweta ya Afrika ni kitu cha kujivunia, na naona aibu kwamba wengi wetu tulimaliza shule ya upili bila kuisikia.

Ozoni hupimwa vizuri. Maji ndiyo yenye matata.

Kupima unyevu angani kumekuwa kugumu tangu mwanzo. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alitumia unywele wa binadamu, ambao hurefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika ikikauka. Radiosondi za Uingereza zilitumia kwa miaka mingi utando wa utumbo wa ng'ombe. Vitu hivyo vyenye asili ya uhai hufanya kazi vizuri penye joto, lakini baridi ikizidi hushikwa na ganzi. Mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Ufini ilitoa kihisi cha aina mpya: utando mwembamba mno wa plastiki uliobanwa kati ya vipande viwili vinavyopitisha umeme. Utando hunyonya maji ya hewani, uwezo wake wa kuhifadhi umeme hubadilika, na badiliko hilo hutafsiriwa kuwa asilimia ya unyevu. Ni rahisi, ni kidogo, na bei yake inaruhusu kutupwa kila siku. Radiosondi nyingi za leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Udhaifu wake una sura mbili, na zote mbili hutuuma zaidi sisi wa nchi za joto.

Wa kwanza ni uzito wa kuitika. Kwenye nyuzi 20, utando hujibu mara moja. Kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri, maji huingia na kutoka ndani yake polepole sana, na jibu huweza kuchelewa kwa dakika nzima au zaidi. Katika dakika moja puto limeshapanda mita 300. Kifaa kinatangaza unyevu wa mahali kilipokuwa wakati kimeshahama. Juu ya London mpaka wa stratosfia uko kilomita 11 hivi. Kwetu uko kwenye 16 hadi 17, na baridi yake ni kali zaidi, kwa hiyo kihisi chetu kinapita muda mrefu zaidi katika hali inayokilemaza.

Wa pili ni jua. Mchana, miale hupasha joto kihisi chenyewe kuliko hewa inayokizunguka, na kitu chenye joto huona hewa kavu kuliko ilivyo. Mwaka 2005, huko Alajuela nchini Costa Rica, Holger Vömel na wenzake walirusha radiosondi aina ya RS92 pamoja na kifaa bora zaidi kwenye puto moja, mchana wa jua kali. Karibu na ardhi RS92 ilipunguza unyevu kwa asilimia 9. Kwenye kilomita 15 ilikuwa imepunguza kwa nusu. Fikiria maana yake kwa vituo vyote vya nchi za joto vilivyotegemea kifaa hicho saa za mchana: miaka ya vipimo vinavyosema anga yetu ya juu ni kavu kuliko ilivyokuwa, na hakuna aliyedanganya. Aina iliyofuata, RS41, iliyotoka mwaka 2013, huweka kipimajoto kwenye kihisi chenyewe na hukipasha moto ili kuyeyusha barafu inayokizingira. Imepunguza kosa kwa kiasi kikubwa. Lakini ukavu wa stratosfia bado unaishinda katika siku za kawaida.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, limekuwa likivilinganisha vifaa hivi tangu 1984, kwa kuvitundika vya kampuni mbalimbali kwenye puto moja ili vyote vipite hewa ileile kwa sekunde ileile. Februari 2005 ulinganisho huo ulifanyika Vacoas, Mauritius. Kisiwa hicho kilifaa kwa sababu kifaa kilichofaulu Ulaya hakijafaulu mpaka kipite katika mawingu mazito na baridi kali ya nchi za joto. Ulinganisho wa mwaka 2022 ulifanyika Lindenberg, kituo kilekile kilichomtuma Berson kwetu mwaka 1908.

Kifaa bora kilichotumiwa kuihukumu RS92 kule Costa Rica ni cha jalidi. Ukitoa soda kwenye friji siku ya joto, chupa hutoa jasho, kwa sababu hewa inayoigusa imepoa hadi haiwezi kubeba maji yake tena. Brewer alitumia jambo hilohilo. Kioo kidogo hupozwa mpaka maji ya hewani yagande juu yake. Miali ya mwanga hutazama kioo: jalidi ikiongezeka kioo hupashwa kidogo, ikipungua hupozwa, mpaka unene wake utulie. Joto la kioo wakati huo linakuambia moja kwa moja hewa ina maji kiasi gani. Hakuna utando wa kuchoka wala tafsiri ya umeme kuwa unyevu. Anayejua kupima joto vizuri anajua kupima maji vizuri, na kupima joto ni kazi tuliyoimudu zamani. Ndiyo sababu nakipa kifaa hiki imani kuliko vingine vyote vinavyobebwa na puto.

Nacho kina adui zake. Puto linalopita ndani ya wingu hulowa, na likifika kwenye ukavu wa juu huanza kutoa maji yake lenyewe, hivyo kifaa kinachoning'inia chini hupima jasho la puto badala ya anga. Watafiti makini hutegemea zaidi vipimo vya wakati wa kushuka, kifaa kinapotangulia mbele ya kila kilichokibeba. Bei nayo ni kubwa mara nyingi kuliko ya radiosondi ya kawaida, na kuna hatari ya kukipoteza kila kinaporushwa. Shirika la NOAA la Marekani limerusha vifaa vya jalidi kutoka Boulder, Colorado, tangu 1980, kisha Lauder, New Zealand, tangu 2004, na Hilo, Hawaii, tangu 2010. Hizo ndizo rekodi ambazo dunia huzitumia kujua kama stratosfia inalowa au inakauka. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo katika bara la Afrika.

Kuna tatizo jipya, na lina jina la mji jirani. Ili kupoza kioo hadi nyuzi 90 chini ya sifuri, vifaa hivi vimetumia gesi iitwayo R-23. Gesi hiyo, ikiachiliwa hewani, hupasha dunia maelfu ya mara kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito huohuo. Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, katika marekebisho ya Mkataba wa Montreal ambao sekretarieti yake iko hapahapa Nairobi, Gigiri. Ulikuwa uamuzi sahihi. Umewalazimu wapimaji wa anga kutafuta baridi kwingine: wengine wanajaribu barafu kavu iliyochanganywa na ethanoli, na huko Japani na Uswisi wametengeneza vioo vinavyopozwa kwa umeme. Njia ya umeme ikikomaa, kituo kama Dagoretti hakitahitaji kuagiza gesi ya hatari kutoka ng'ambo. Ni nafasi tusiyopaswa kuiacha ipite.

Setilaiti zina njia tofauti. Chombo cha MLS kwenye setilaiti ya Aura, iliyorushwa Julai 2004, husikiliza mawimbi dhaifu yanayotolewa na molekuli za maji zenyewe, kikitazama ukingo wa anga kwa ubavu. Kwa miaka mingi kilipima mahali takriban 3,500 kwa siku, usiku na mchana, baharini na nchi kavu. Puto haliwezi kushindana na wingi huo. Lakini macho yake ni mapana: huchanganya tabaka la kilomita tatu hivi kuwa namba moja, na mpaka unaotuhusu sisi ni mwembamba kuliko hapo. Isitoshe, chombo kilicho angani hakirudi karakana. Mwaka 2016 Dale Hurst na wenzake waliripoti kwamba tangu karibu 2010 MLS ilikuwa ikiongeza maji kidogo kidogo ikilinganishwa na vifaa vya jalidi. Kulikuwa na shaka upande gani umekosea. Uchunguzi uliofuata ulikuta sehemu ya kosa ni ya setilaiti, na data zake zikasahihishwa. Kamba, puto na kioo kidogo viliisahihisha setilaiti ya NASA.

Hata maabara haijawapatanisha wote. Oktoba 2007, huko Karlsruhe, Ujerumani, vikundi vya watafiti vilikutanisha vifaa vyao kwenye chumba kimoja kikubwa ambamo baridi na ukavu wa stratosfia viliigizwa. Walichochewa na miaka ya ugomvi: vifaa vilivyorushwa pamoja angani vilikuwa vikitofautiana wakati mwingine kwa asilimia 50 na zaidi. Ndani ya chumba, vifaa vikuu vilikaribiana hadi asilimia 10, lakini katika ukavu wa chini ya molekuli kumi kwa milioni, yaani ukavu wa juu ya Kayole, tofauti zilifika asilimia 20. Sehemu iliyobaki ya ugomvi ilikuwa imetokana na hali ya angani yenyewe.

Kuna pia njia isiyorusha chochote. Kasarani, kwenye kituo cha kikanda cha ramani, RCMRD, kuna antena ya GPS iliyo katika mtandao wa kimataifa. Ishara za setilaiti huchelewa kidogo zikipita kwenye mvuke, na ucheleweshaji huo hutoa jumla ya maji yaliyo juu ya antena, saa zote, mvua inyeshe isinyeshe. Jumla tu: haisemi maji yako kwenye kilomita ngapi. Kwa zile nne za juu haina msaada. Kwa mvua ni hazina, na mvua ndiyo inayoua Eastlands. Katika masika ya 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na Mathare na Mukuru zilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi jijini. Maji yale yalikuwa ya chini, kutoka Bahari ya Hindi na wakati mwingine bonde la Kongo. Sitaki msomaji aondoke akidhani kioo cha jalidi kingeyazuia.

Thamani ya kulinganisha vifaa ilionekana wazi Januari 2022. Tarehe 15 ya mwezi huo volkano ya Hunga, iliyo chini ya bahari huko Tonga, ililipuka na kurusha maji juu kuliko mlipuko wowote uliowahi kupimwa. MLS ilihesabu takriban tani milioni 146 za maji zilizoingia stratosfia, sawa na asilimia 10 ya maji yote yaliyokuwamo. Maji hayo hayakupita mlangoni, yalipasua ukuta. Vömel na wenzake nao walitazama radiosondi za kawaida, zile zinazoshindwa na ukavu wa stratosfia. Zamu hii hazikushindwa, kwa kuwa hewa ilikuwa imelowa kiasi cha utando wa plastiki kuhisi. Zilitoa jibu la angalau tani milioni 50. Tofauti kubwa, lakini radiosondi zilipima wingu la maji hayo katika vimo zilivyoweza kufika na mahali palipokuwa na vituo, huku setilaiti ikiona hata yaliyokuwa juu zaidi. Kila kifaa kilisema kweli ndani ya mipaka yake.

Wingu hilo lilivuka Bahari ya Hindi likielekea magharibi, upande wetu. Katika kisiwa cha Réunion, penye kituo cha Maïdo kilichofunguliwa mwaka 2012 juu ya mlima, Stéphanie Evan na wenzake walikimbilia maputo yao. Usiku baada ya usiku walirusha vifaa vya jalidi na vya ozoni kwa pamoja, wakakuta kwamba ozoni ya stratosfia ya nchi za joto ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 5 katika wiki moja. Waliweza kulijua hilo kwa sababu vifaa viwili vilining'inia kwenye puto moja, na kwa sababu kituo kilikuwa tayari kabla ya mlipuko.

Dagoretti ina nusu ya hayo tayari. Ina puto la ozoni la kila wiki, ina watu waliofundishwa, ina rekodi ndefu. Hoja yangu ni kwamba kifaa cha jalidi kiongezwe kwenye puto hilohilo, hata mara moja kwa mwezi, kwa mpango wa kudumu. Tumeona manufaa ya kwenda kupima palepale: mwaka 1982 Joseph Kinuthia na G. C. Asnani walitangaza mkondo wa upepo mkali wa bonde la Turkana, ambao haukuwa ukijulikana, kwa kuwa walikwenda kupima kaskazini mwa Kenya badala ya kukisia kutoka mbali. Kampeni ya 2021 iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na Oxford ilirudi huko na radiosondi kuupima upya pamoja na mvuke unaobebwa nao. Maswali kuhusu mlango wa stratosfia yanajibiwa leo kwa vipimo vya Costa Rica, Hawaii na Pasifiki ya magharibi. Afrika ya ikweta, yenye radi na mawingu marefu miongoni mwa yaliyo makubwa zaidi duniani, ina neno lake katika jambo hili.

Kwa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, Chuo Kikuu cha Nairobi na washirika wao wa Uswisi: wekeni kioo cha jalidi katika bajeti, na kiwe kile cha kupozwa kwa umeme mara kitakapothibitishwa. Kwa walimu wa fizikia na jiografia wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora: vipimo vya ozoni, joto na unyevu vya Nairobi tangu 1998 viko wazi na bila malipo katika hifadhi ya SHADOZ kwenye intaneti. Vifungueni darasani muhula huu, na wanafunzi wachore wenyewe baridi iliyo juu ya vichwa vyao.